Mtandao upo, tovuti hazifunguki: kukamata tatizo la DNS kwenye kompyuta ya nyumbani

Alama ya Wi-Fi imejaa. Simu iliyounganishwa kwenye ruta hiyo hiyo inapokea meseji za WhatsApp kama kawaida. Ila kwenye kompyuta, ukiandika jina la tovuti, kivinjari kinazunguka kidogo kisha kinakutolea ukurasa mtupu wenye maandishi kama DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN au ERR_NAME_NOT_RESOLVED. Kwenye Firefox utakuta "Server Not Found". Hapo ndipo watu wanapoanza kutafuta flashi ya kupigia Windows upya. Weka flashi chini kwanza. Tatizo hili ni la majina, na mara nyingi linapatikana kwa amri chache tu bila kufuta hata faili moja.

Kompyuta haisafiri kwa majina, inasafiri kwa namba. Ukiandika jina la tovuti, kwanza inaiuliza seva ya DNS namba ya jina hilo, ikishajibiwa ndipo inaondoka. Ni kama kushuka daladala kwenye mtaa usioujua ukamuuliza mwenye duka la kona, "Kwa Mzee Hamisi ni wapi?" Barabara inaweza kuwa nzima kabisa, lakini duka likiwa limefungwa utabaki umesimama hapo hapo. Kwa hiyo swali la kwanza siku zote ni hili: kilichoharibika ni njia, au ni anayejibu majina? Ukishalijibu, nusu ya kazi imekwisha.

Amri nilizoweka hapa ni za Windows 10 na 11, maana ndizo ziko kwenye laptopu nyingi za nyumbani. Wenye Mac na Linux wana sehemu yao karibu na mwisho. Kitu kimoja nasisitiza: badilisha jambo moja, jaribu, ndipo uende jingine. Ukibadilisha matano kwa mpigo, mtandao ukirudi hutajua kilichoutibu, na usiporudi hutajua ulichoharibu.

Kabla ya kugusa chochote

Fungua tovuti nyingine mbili tatu zisizohusiana. Zikifunguka zote isipokuwa moja, kompyuta yako haina kosa. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea duniani kote kwa takriban saa 6, kwa sababu mabadiliko ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe yalizifanya seva zake za DNS zisifikike. Aliyekuwa anazima na kuwasha ruta sebuleni siku ile alikuwa anajichosha bure. Kwa tovuti ndogo za hapa kwetu sababu huwa ya kawaida zaidi: mwenye tovuti hakulipia jina lake la .co.tz au .co.ke, muda ukaisha, jina likaacha kujibu. Hapo huna la kufanya zaidi ya kumpigia simu mwenyewe.

Angalia pia herufi ulizoandika. Jina lililokosewa herufi moja hutoa ujumbe ule ule wa NXDOMAIN, ambao maana yake ni kwamba jina hilo halipo.

Hatua ya 1: piga ping mbili

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha Enter. Kwenye dirisha jeusi litakalofunguka andika hizi, moja moja:

ping 8.8.8.8
ping google.com

Ya kwanza inakwenda kwenye namba moja kwa moja, haihitaji kumuuliza mtu. Ya pili lazima ipitie kwa anayejibu majina. Tofauti ya majibu yao ndiyo inayokuambia ugonjwa uko wapi.

Hatua hii hata mtu asiyejua kompyuta anaiweza kwa simu. Mjomba wangu aliwahi kunipigia akiwa na hasira na laptopu yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hii mashine imekufa mtandao."

"Haijafa, mjomba. Ile ya namba imejibu nini?"

"Imeandika Reply from, mara nne."

"Na ile ya google?"

"Imeandika could not find host."

Sikuhitaji kuuliza zaidi. Njia nzima, majina hayajibiwi.

Ukipata majibu kama ya mjomba, endelea na hatua ya 2. Zote mbili zikijibu, DNS ya kompyuta iko sawa, na tatizo litakuwa kwenye kivinjari: ruka hadi hatua ya 6. Zote mbili zikikataa, usihangaike na DNS kwanza, kwa sababu njia yenyewe imekatika. Angalia Wi-Fi, nyaya za ruta, taa nyekundu kwenye kifaa cha faiba. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na mtandao wa Afrika Mashariki kuzorota, kubadilisha namba za DNS kusingemsaidia mtu yeyote.

Kuna hali ya nne inayowachanganya watumiaji wa vifurushi. Ping ya namba inakataa, ping ya jina nayo inakataa, lakini ukiangalia vizuri jina limegeuzwa kuwa namba kwenye mstari wa juu, ule unaoanza na "Pinging". Majina yanajibiwa ila data haipiti. Kabla ya yote angalia salio: mara nyingi bando limeisha, au ulilonalo ni bando la mitandao ya kijamii pekee. Ndiyo maana pia WhatsApp kwenye simu si kipimo cha kutegemea. Na kwa kuwa mitandao mingine huzuia ping, hakikisha kwa kuandika 1.1.1.1 kwenye kivinjari. Ukurasa ukifunguka, njia ipo.

Hatua ya 2: jua kompyuta inamuuliza nani

Andika:

ipconfig /all

Yatatoka maandishi mengi. Tafuta sehemu ya Wi-Fi, au ya Ethernet kama unatumia waya, usome mistari mitatu tu.

"IPv4 Address" ni namba ya kompyuta yako. Ikianza na 169.254, ruta haijaipa kompyuta anwani kabisa na Windows imejipa yenyewe. Andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Isipobadilika, zima ruta, subiri kidogo, iwashe.

"Default Gateway" ni ruta yako. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1; ruta nyingi ndogo za laini hutumia 192.168.8.1.

"DNS Servers" ndiye mwenye duka wetu. Kwenye nyumba nyingi ni namba ile ile ya ruta, kwa sababu ruta hupokea swali na kulipeleka kwa mtoa huduma. Ukikuta 127.0.0.1, kuna programu ndani ya kompyuta iliyojiweka kuwa mjibuji wa majina: VPN (programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva ya mbali), kizuia matangazo, au antivairasi. Ikizimwa vibaya au kufutwa nusunusu, namba hubaki na mwenyewe hayupo. VPN za bure ndizo ninazozishuku kwanza. Mtu huweka moja ili aangalie mechi, siku ya pili anaifuta, na kuanzia hapo kompyuta inamuuliza mfu. Ukikuta namba usiyoitambua kabisa, iandike pembeni, tutairudia kwenye hatua ya 8.

Hatua ya 3: nslookup, kipimo chenyewe

Hapa usiwe na haraka. Andika:

nslookup google.com

Mistari miwili ya juu inakutajia seva iliyoulizwa. Ukiona "Server: UnKnown" usishtuke, wala si hitilafu, maana yake ruta yako haina jina, ina namba tu, na namba hiyo iko mstari unaofuata. Chini yake ndipo penye jibu.

Zikitoka namba chini ya maneno "Non-authoritative answer", seva imejibu vizuri. Maneno hayo yanasema tu kwamba jibu limetoka kwa mjibuji wa kati, si kwa seva ya Google yenyewe. Ukiona "DNS request timed out", seva imeulizwa ikanyamaza. "Server failed" maana yake seva ipo, ila imeshindwa kupata jibu huko ilikokwenda kuuliza. "Query refused" imekataa kukuhudumia. "Non-existent domain" imesema jina hilo halipo. Ikisema hivyo kuhusu google.com, huyo mjibuji anadanganya.

Sasa uliza swali lile lile kwa seva nyingine:

nslookup google.com 1.1.1.1

Hiyo 1.1.1.1 ni ya Cloudflare. Google wana 8.8.8.8 na 8.8.4.4, Quad9 wana 9.9.9.9. Zote ni za bure na ziko wazi kwa kila mtu.

Ya kwanza ikinyamaza na ya pili ikajibu, mgonjwa ni ruta au seva ya mtoa huduma. Nenda hatua ya 7. Zote zikinyamaza wakati ping ya 8.8.8.8 inajibu, kuna kitu kinazuia mlango namba 53, unaopitisha maswali ya DNS: mara nyingi fayawoli ya antivairasi, wakati mwingine ruta. Zima antivairasi kwa dakika chache, pima tena, kisha iwashe.

Halafu kuna hali ambayo mafundi wengi wanaipita. nslookup inajibu vizuri, lakini ping google.com bado inasema haioni jina. Inawezekana kwa sababu nslookup huenda kwa seva moja kwa moja, haipitii kumbukumbu ya Windows wala faili la hosts, wakati ping na vivinjari hupitia huko. Kwa hiyo jibu zuri la nslookup pamoja na ping mbovu vinamaanisha ugonjwa uko ndani ya kompyuta. Fanya hatua ya 4 na ya 5.

Hatua ya 4: futa kumbukumbu ya majina

ipconfig /flushdns

Windows huhifadhi majibu iliyoyapata ili isiulize kila mara. Watu wengi hawajui kwamba hata jibu la "jina halipo" nalo huhifadhiwa kwa muda. Tovuti ilikuwa na hitilafu saa 4, imepona saa 4 na dakika 5, na kompyuta yako inaendelea kushikilia kauli ya zamani. Amri hii haifuti historia yako wala nywila, itumie bila wasiwasi.

Chrome ina kumbukumbu yake pembeni. Andika chrome://net-internals/#dns sehemu ya anwani, bofya "Clear host cache".

Hatua ya 5: chungulia faili la hosts

Mfumo wa DNS ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Kabla yake, majina ya kompyuta zote za mtandao yalikaa kwenye faili moja lililotunzwa Stanford Research Institute huko California, kila kituo kikalinakili. Mjukuu wa faili hilo bado yuko kwenye kompyuta yako:

C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts

Kilichoandikwa humo kinasikilizwa kabla ya seva yoyote. Bofya Notepad kwa kitufe cha kulia, chagua "Run as administrator", kisha ulifungue faili hilo ukiwa ndani ya Notepad. Kwenye dirisha la kufungulia chagua "All Files", la sivyo folda itaonekana tupu.

Kwenye Windows ya kawaida, kila mstari wa faili hili huanza na alama ya #, na mistari hiyo haifanyi kazi yoyote. Mstari usio na # ndio wa kuutilia shaka, hasa ukiwa na 127.0.0.1 au 0.0.0.0 ikifuatiwa na jina la tovuti. Mstari huo unaambia kompyuta: jina hili usilitafute nje. Programu za kukraki hupenda kuandika humu ili programu iliyoibwa isiwasiliane na kwao, na virusi huandika majina ya tovuti za antivairasi ili usipate dawa. Weka # mwanzoni mwa mstari unaoushuku badala ya kuufuta, hifadhi, rudia flushdns, jaribu. Kompyuta ya ofisini ina mistari yake halali. Hiyo waachie wenyewe.

Hatua ya 6: kivinjari, saa, na dawa kali

Tatizo likiwa kwenye kivinjari kimoja tu na kingine kinafungua, angalia DNS ya siri, yaani maswali ya majina yanayotumwa yakiwa yamefichwa. Kwenye Chrome iko ndani ya "Privacy and security", kisha "Security", sehemu ya "Use secure DNS". Ikiwa imeelekezwa kwa mtoa huduma maalumu asiyefikika, kivinjari hicho kitashindwa huku kompyuta nzima ikiwa salama. Zima, jaribu.

Tazama na saa. DNS ya siri hutegemea vyeti vyenye tarehe, na kompyuta inayodhani iko mwaka 2015 itavikataa vyote. Kama tarehe inarudi nyuma kila ukizima kompyuta ya mezani, kibetri cha kwenye ubao mama kimekufa. Kwa kawaida ni CR2032, kile cha mviringo kama sarafu, na kinauzwa hata kwa mafundi saa.

Usipopata kitu, fungua cmd kama administrator, andika netsh winsock reset, kisha zima na kuwasha kompyuta. Amri hii husafisha mabaki ya VPN na antivairasi zilizofutwa vibaya. Huwa naiweka mwisho kwa makusudi, maana inaweza kuvuruga VPN ya kazini inayofanya kazi vizuri.

Hatua ya 7: badilisha seva ya DNS

Hii ni kwa wale ambao seva ya mtoa huduma ilinyamaza na 1.1.1.1 ikajibu. Kwenye Windows 11, fungua "Settings", "Network & internet", ingia kwenye Wi-Fi yako hadi "Properties", tafuta "DNS server assignment", bofya "Edit". Geuza kutoka "Automatic" kwenda "Manual", washa IPv4, weka 1.1.1.1 kama ya kwanza na 8.8.8.8 kama ya pili. Hifadhi, kisha flushdns.

Ukiona hakuna kilichobadilika, rudia ipconfig /all. Ikiwa kwenye "DNS Servers" bado kuna namba ndefu yenye nukta mbili nyingi, hiyo ni seva ya IPv6 (aina mpya ya anwani za mtandao) iliyotolewa na ruta, na Windows inaweza kuendelea kuiuliza hiyo hiyo mbovu. Washa IPv6 pale pale na uweke 2606:4700:4700::1111.

Usitegemee seva ya pili ikurekebishe ya kwanza. Kompyuta huigeukia ya pili pale ya kwanza inaponyamaza. Ya kwanza ikisema "jina halipo", jibu hilo linakubaliwa na hadithi inaishia hapo.

Na wale wanaosambaza meseji kwamba ukiweka 1.1.1.1 bando linakuwa na kasi mara tatu, wapuuze. DNS inahusika na sekunde ya kwanza ya kutafuta jina. Video ikishaanza kushuka, haina kazi tena.

Ukiwa hotelini au kwenye Wi-Fi ya mgahawa na ukurasa wa kuingizia nywila haujitokezi, rudisha "Automatic". Kurasa hizo mara nyingi hutegemea seva ya hapo hapo. Vivyo hivyo kwa laptopu ya chuo au ofisi yenye majina ya ndani, ambayo Cloudflare hawayajui.

Hatua ya 8: ruta yenyewe

Kama vifaa vyote vya nyumbani vinaugua, usirekebishe kimoja kimoja. Izime ruta, chomoa waya wa umeme, subiri nusu dakika, rudisha. Kisha ingia kwenye kurasa zake kwa kuandika namba ya "Default Gateway" kwenye kivinjari. Jina na nywila za kuanzia huwa kwenye stika chini ya kifaa. Tafuta sehemu ya DHCP au WAN na utazame namba za DNS zilizowekwa.

Ile namba usiyoitambua uliyoiandika kwenye hatua ya 2, iulizie kwa mtoa huduma. Asipoitambua naye, ichukulie kwa uzito. Novemba 2011, FBI walitangaza kukamatwa kwa genge la Waestonia lililokuwa nyuma ya virusi vya DNSChanger, vilivyobadilisha DNS za kompyuta zaidi ya milioni 4 katika nchi zaidi ya 100, watu wakawa wanapelekwa kwenye tovuti za wezi bila kujua. Seva za wezi zikaondolewa na kuwekwa nyingine salama kwa muda ili watu wajisafishe, na zilipozimwa tarehe 9 Julai 2012, kompyuta zilizokuwa bado na virusi zikabaki bila majina kabisa. Ukikuta hali ya namna hiyo, rudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani, badilisha nywila ya admin, piga skani kompyuta zote. Kabla ya kubonyeza kile kitundu cha "reset", hakikisha una jina na nywila za laini ya faiba kutoka kwa mtoa huduma. Bila hizo utabaki na ruta safi isiyo na mtandao.

Mac na Linux

Ping, nslookup na mantiki yote ni ile ile. Kwenye Mac, kumbukumbu hufutwa kwa sudo dscacheutil -flushcache ikifuatiwa na sudo killall -HUP mDNSResponder. Seva zinazotumika utaziona kwa scutil --dns. Kwenye Ubuntu na wenzake tumia resolvectl status kuona na resolvectl flush-caches kufuta. Ukifungua /etc/resolv.conf ukakuta 127.0.0.53, hiyo ni kawaida, ni huduma ya ndani ya systemd. Faili la hosts kote kuwili liko /etc/hosts.

Ukilazimika kumpigia mtoa huduma

Usiseme "mtandao hamna". Utaambiwa uzime ruta na uiwashe, na kesho utapiga tena. Sema hivi: "Ping ya 8.8.8.8 inajibu. nslookup kwa seva yenu inatoa timed out, kwa 1.1.1.1 inajibu. Nimejaribu kompyuta mbili, kuanzia saa 2 asubuhi." Taja namba ya seva yao kama ilivyotoka kwenye nslookup, na uombe tatizo lipelekwe kwa watu wa kiufundi likiwa na namba ya kumbukumbu. Wakati unasubiri, endelea na 1.1.1.1 uliyoiweka.